Mbeleko na Mtumbwi

Shamba la mihogo la Pelagia lilikuwa ng'ambo ya bwawa. Kulizunguka bwawa kwa miguu kulichosha mno, kwa hiyo wanawake wa kijiji kile karibu na Makere walivuka kwa mtumbwi wa Reverien. Watoto waliwafunga mgongoni, magunia wakayapanga katikati.

Lakini mwaka ule wa 1996, Pelagia hakuvuka tena. Nguruwe pori walikula mihogo yake, na nyumbani njaa ilikwisha kubisha hodi. Masika yaliyopita mtumbwi ulipinduka, mdogo wake Esteri akafa maji pamoja na mwanawe. Walipoopolewa, mtoto alikuwa bado mgongoni, na fundo la mbeleko halijalegea. Watu walisema ni kazi ya Mungu. Pelagia aliitikia kwa mdomo tu. Moyoni alikuwa na uchungu usiosemeka.

Siku moja alikwenda kuomba unga kwa Mwanaamina, mwenye duka. Mama huyu alizaliwa Ujiji, akakulia ziwani.

"Mama Fidele, una shamba zima. Unaombaje unga?"

"Naogopa maji, Bi Mwanaamina. Yalimla Esteri."

"Pole, mwenzangu. Mtoto alimbebaje?"

"Mgongoni. Alimkaza sana ili asidondoke majini. Ndivyo tunavyobeba sisi Waha."

Mwanaamina akaacha kupima chumvi.

"Nchi kavu ni sawa. Lakini ukianguka majini, kichwa chako kiko juu, cha mtoto kiko chini. Mikono haimfikii, na fundo likilowa halifunguki. Kwetu, kabla ya kupanda, mama hufungua mbeleko na kumpakata mtoto."

Pelagia alitokwa na machozi. "Kwa hiyo tulimfunga wenyewe?"

"Hamkujua. Sasa sikiliza. Beba dumu tupu, kifuniko ukikaze. Litaelea, nawe ulishike. Kaeni chini, mtu asisimame. Reverien asijaze kupita kiasi. Upepo ukivuma, subirini. Mkipinduka, shikeni mtumbwi, mzigo uacheni uende."

Kesho yake Reverien alinuna alipoambiwa apunguze magunia.

"Leo unanifundisha kazi, dada?"

"Ego, ndiyo," Pelagia alijibu kwa Kiha. "Nimezika wawili."

Reverien akainama, akashusha magunia.

Walivuka hivyo kwa muda, huku wengine wakiwacheka kwa madumu yao. Kisha jioni moja mtumbwi ulipanda kisiki, ukapinduka. Pelagia alizama, akaibuka. Mkono mmoja ulimshika mwanawe Fidele, wa pili ulikumbatia dumu. Wenzake walishika mtumbwi. Mwanamume mmoja ukingoni alitaka kujitosa, ingawa hakujua kuogelea. Reverien akamkataza kwa sauti. "Usiingie. Rusha kamba."

Wakavutwa mmoja mmoja. Fidele alitapika maji, akalia kwa hasira. Pelagia alikaa kwenye tope, akalia naye.

Siku hizi pale kivukoni hapandi mtu na mtoto mgongoni. Reverien mwenyewe hukagua, na hana masihara. Tangu jioni ile bwawa halijaua mtu.

Watu humsifu Pelagia, naye hafurahii sifa. Huwajibu neno lile lile.

"Elimu hii ilikuwa dukani kwa Mwanaamina siku zote. Esteri alinunua chumvi pale pale, na hakuna aliyeuliza."