Jicho Nyuma ya Mtungi

Kichungulizi kilikuwa kidogo kuliko punje ya mtama, na kiliona kupitia udongo. Injinia Ndahani alikitengeneza mwenyewe, akakibandika nyuma ya mtungi uliolazwa chini kabisa ya ukuta-maji wa sebule yake, ghorofa ya sitini na moja, Dodoma. Kilitoa mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyapati, kikachora kila kilichomo mtungini na kuituma picha kwenye saa ya mkononi mwake. Na saa hiyo, jamani, aliitazama! Anakula, anaitazama. Yuko kikaoni, anaitazama. Hata kanisani, mchungaji kapandisha sauti, mwenzetu kainamia mkono wake.

Mtungini alikuwamo kambare pua-ndevu dume, kayafunika mayai arobaini ya rangi ya chungwa, anayapepea kwa mapezi yake usiku na mchana, wala hatoki kwenda kula.

Usimcheke Ndahani. Madirisha ya mji yalikwisha kuzibwa kwa sababu ya vumbi, na hewa ya kila nyumba ilitoka kwenye ukuta-maji: vioo viwili, maji katikati, na mwani unaokula hewa chafu na kurudisha safi. Mwani ukiganda kwenye kioo, mwanga haupiti. Mwanga usipopita, mwani wote unakufa na nyumba inanuka. Roboti za kukwangua zilijaribiwa, zikachubua vioo. Aliyeiweza kazi ni samaki huyu wa urefu wa kiganja, mwenye mdomo wa kunyonya, anayelamba kioo bila kukiumiza. Kisha ukaja ugonjwa ukawafagia samaki hao karibu wote mji mzima. Ndahani alibakiwa na wawili, tena wazee, na kona ya kulia ya ukuta wake ilikwisha kufifia.

Mkewe alikufa kwa pumu. Binti yao wa pekee, Nyemo, mwenye miaka ishirini, alikuwa na pumu hiyo hiyo. Basi mayai yale kwake hayakuwa mayai tu, yalikuwa pumzi ya mwanawe.

Nyemo naye alivaa bangili-pumzi, kazi ya mikono ya baba yake. Ilihesabu mapigo ya moyo na pumzi zake na kuzituma kwenye saa ile ile. Kushoto samaki, kulia binti.

Hata kupata dume na jike ilikuwa kasheshe. Mwanzoni aliwapeleka wale wawili dukani, mashine ikawapima ngozi ikatangaza, huyu dume, huyu jike. Waliporudishwa nyumbani na kuwekewa mtungi, wakaanza kuraruana. Nyemo ndiye aliyemtoa baba yake ushamba.

"Achana na mashine, Baba. Watazame usoni. Dume ndevu zinampanda mpaka katikati ya paji, tena zina matawi. Jike anazo fupi tu, pembeni mwa mdomo, na mwingine hana kabisa. Hawa wote wawili ni madume."

Wakambadilisha mmoja kwa jirani, akaja jike mnene wa tumbo. Mara tatu jike alitaga, na mara tatu dume aliyasukuma mayai nje ya mtungi yakaota ukungu.

"Kizime hicho kidude chako," Nyemo alisema mara ya tatu. "Samaki anakisikia."

"Haiwezekani, mama. Mawimbi yale ni madogo mno."

"Wewe ndiye huyasikii."

"Sasa nisipoona, nitajuaje kuna tatizo?"

"Hutajua. Atajua yeye, ndiye baba yao."

Ndahani alichukia. Alitoka akaufunga mlango kwa nguvu, na kabla hajafika kwenye lifti alikwisha kuitazama saa, pande zote mbili.

Mara ya nne walipunguza joto la maji, jike akadhani mvua imenyesha, akataga. Ndahani hakutulia. Siku ya tatu, siku ya sita, siku ya tisa. Anakaa, anainuka, anazunguka meza, anang'ata kucha. Kushoto dume anapepea. Kulia mapigo sabini na mawili, pumzi kumi na sita. Mayai hayakubadilika rangi, naye akajiambia labda ni ile baridi ya maji.

Siku ya kumi na moja, Jumamosi asubuhi, alikuwa anakunywa chai alipoona madoa meusi kwenye kioo. Alisogea. Madoa yana mikia! Vifaranga thelathini na kitu vimeng'ang'ania kioo kwa midomo, vinalamba mwani. Akatazama saa: mayai arobaini, ya chungwa, mazima. Akatazama kioo. Akatazama saa tena.

"Nyemo!"

Nyemo alitoka jikoni na sahani ya chapati. Alipoona vifaranga alipiga kigelegele.

"Kidude chako nilikitoa siku ya pili," alisema. "Kipo kwenye droo ya vijiko. Unayoona kwenye saa ni picha ya siku ya kwanza, inajirudia."

Ndahani aliangua kicheko, akamkumbatia na sahani yake mkononi. "Mjanja wewe! Umeniokoa, haki ya Mungu!" Kisha uinjinia wake ukamrudia. "Lakini mfumo ule niliufunga mwenyewe. Umejifunzia wapi kuuchezea?"

Nyemo aliiweka sahani mezani. Aliizungusha bangili yake mkononi.

"Tangu lini?" Ndahani aliuliza polepole.

"Huu mwaka wa pili, Baba."

Upande wa kulia wa saa ulisema sabini na mbili, kumi na sita.

"Hiyo ni Jumapili moja, nilikuwa nimelala," Nyemo alisema. "Nikikimbilia lifti, unapiga simu. Nikicheka sana, unapiga simu. Siku moja nimekaa na mtu, moyo ukaenda mbio kidogo, ukapiga mara nne. Nilichoka, Baba."

"Na pumu?"

"Ilinibana mwezi wa nne. Nililazwa siku tatu, Shangazi akakaa na mimi. Wewe tulikwambia niko Kondoa."

Ndahani aliikumbuka wiki ile. Alilala vizuri kuliko wakati wowote tangu mkewe afariki, na kazini aliwaambia wenzake binti yangu hajambo kabisa.

"Ungekufa," alisema. "Ungekufa huku mimi natazama sabini na mbili."

"Ningekwambia, ungenivalisha bangili ya pili."

Ndahani aliivua saa, akashindwa pa kuiweka, akaitia mfukoni. Halafu akamuuliza swali ambalo, akihesabu vizuri, hakuwahi kumuuliza kwa mdomo wake tangu amvishe bangili ile.

"Sasa hivi unapumua vizuri?"

Nyemo alivuta pumzi moja, akaisikiliza.

"Kifua kinabana tangu jana. Si sana, dawa nimeshavuta. Kaa, Baba, usiinuke. Nitakuita kikizidi."

Ndahani alikaa. Miguu ilikuwa inamcheza chini ya meza, akaishika kwa mikono yote miwili.