Kamera Yenye Matumbo Mawili

Kila Jumatano asubuhi Shafika husafisha kamera yake. Hupangusa lenzi, huchaji betri, huondoa vumbi kwa brashi ndogo ya poda. Kesho yake ni Alhamisi, na mji wa Tlemcen, Algeria, haujui Alhamisi isiyo na harusi.

Kamera yenyewe ilikuwa kubwa na nzito, na umri wake ni miaka kumi na tano. Rangi nyeusi ilikuwa imebanduka pale vidole vinaposhika. Aliinunua kwa jirani yake wa ghorofa ya juu, Bi Yamina, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa mpiga picha wa gazeti. Kwa kamera hiyo Shafika alikuwa amepiga picha za harusi zaidi ya mia mbili.

Jumatano hii mlango uligongwa kabla hajamaliza. Aliingia Bi Zuhur. Binti yake, Ikram, alikuwa anaolewa kesho, na mpiga picha wa upande wa wanawake alikuwa Shafika.

"Karibu, Bi Zuhur. Kahawa inachemka."

"Kahawa yako sinywi," alisema Bi Zuhur. Hakukaa. "Harusi ya mtoto wa dada yangu ulipiga wewe, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Wanawake walikuwa vichwa wazi, wanacheza, wamejiachia. Simu zote zimekusanywa mlangoni. Mwisho ukampa dada yangu kadi ya picha mkononi, kama tunavyofanya siku zote. Tukakushukuru. Tukakufungia na vitumbua vya asali ukale nyumbani! Kumbe, nimeambiwa jana, kamera yako ina matumbo mawili. Tumbo moja unatupa sisi, la pili unaondoka nalo!"

Shafika alihisi masikio yanawaka. "Bi Zuhur, sikuiba. Kamera hii inaandika picha kwenye kadi mbili. Ile ya pili naiweka kwa usalama wenu. Kadi huharibika. Albamu ikikamilika, naifuta."

"Nani alikutuma uiweke? Ulituuliza?"

Shafika hakuwa amemuuliza mtu.

"Kesho uje na kamera ya kadi moja," alisema Bi Zuhur. "La sivyo usije. Na usipokuja, mji mzima utajua kwa nini."

Mlango ulifungwa kwa kishindo. Shafika alibaki na brashi mkononi. Ilimuuma. Miaka tisa ya kazi, na hakuna picha hata moja ya mwanamke iliyowahi kuvuja kutoka kwake. Leo anaitwa mwizi, tena kwake, tena kabla ya kahawa!

Mumewe, Murad, alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Alivaa viatu akatoka. Saa sita mchana alirudi na boksi jipya, anatabasamu.

"Haya, tatizo limekwisha," alisema. "Angalia. Kamera mpya kabisa. Ile yako ina megapikseli kumi na mbili. Hii ishirini na nne. Mara mbili! Nyepesi, inatuma picha kwenye simu, na kadi ni moja tu. Bi Zuhur atafurahi, na wewe mgongo utapona."

"Umeniuliza?"

"Si nimekusaidia?"

"Nimekuuliza, umeniuliza?"

"Jamani! Mtu akinunua kitu nyumba hii anahojiwa kama yuko polisi."

"Mimi ndiye ninayepiga picha, Murad. Wewe unauza vigae. Niliwahi kukuchagulia vigae?"

"Vigae na kamera wapi na wapi?"

"Ndiyo hapo!" Shafika alichukua boksi kwa mkono mmoja na kamera yake kwa mkono mwingine. Akapanda ngazi bila kuaga.

Bi Yamina alikuwa anachambua dengu. Aliitoa kamera mpya kwenye boksi, akaigeuza huku na huku.

"Nani kachagua?"

"Murad."

"Kaangalia nini?"

"Megapikseli."

"Megapikseli!" Bi Yamina alisukuma sinia la dengu kando. "Kila mwaka wanawauzia watu namba, na watu wananunua namba. Sikiliza. Picha imeundwa kwa vitone vidogo vya rangi. Megapikseli ni hesabu ya vitone hivyo, kwa mamilioni. Milioni kumi na mbili zinatosha albamu. Zinatosha na picha kubwa ya sebuleni. Ishirini na nne zitakufaa ukitaka kukata kipande cha picha na kukikuza, au kuibandika kwenye ghorofa. Ikram atabandikwa kwenye ghorofa?"

"Hapana."

"Basi. Sisemi kamera hii ni mbaya. Kwa anayejifunza ni nzuri. Kwa safari ni nzuri. Inapiga video, na hii kubwa haipigi. Gizani nayo inajitahidi. Na hii kubwa ina ubaya wake. Inavunja shingo. Kipazia chake cha ndani kimefunguka na kufungwa mara laki mbili, siku yoyote kinaweza kuchoka. Anayenunua kamera ya zamani lazima aulize hesabu hiyo kwanza. Lakini wewe unaitaka kwa kazi gani?"

"Harusi."

"Ukumbini, taa hafifu, watu wanacheza. Lenzi yako inapokea mwanga mwingi. Utaifunga kwenye hii ndogo na itaingia vizuri. Lakini haitajilenga yenyewe. Mota inayoizungusha lenzi hiyo iko ndani ya kamera kubwa. Hii ndogo haina. Na lenzi iliyokuja kwenye boksi inapokea mwanga kidogo. Mtu akicheza, picha inatoka ukungu. Usiangalie kamera peke yake. Angalia na lenzi."

"Na kadi?"

"Hapo ndipo pabaya zaidi. Harusi hairudiwi, Shafika. Kamera kubwa inaandika kila picha mara mbili, kwa wakati mmoja. Kadi moja ikifa, ya pili ipo. Hii ndogo ina kadi moja. Ikifa, umekwisha."

"Nitafanyaje? Wananiita mwizi!"

"Uliwaambia ziko mbili?"

"Sikuwaambia."

"Basi hasira yako igawe," alisema Bi Yamina. "Nusu mpe Murad. Robo mpe Zuhur. Robo baki nayo mwenyewe."

Shafika hakucheka. Alikuwa ameshaagizwa kadi moja, na asipokwenda jina lake limechafuka. Aliiacha kamera kubwa kwa Bi Yamina, akashuka na ile ndogo. Kadi zake za zamani hazikuingia, kwa kuwa ni za aina nyingine. Akatumia kadi ya bure iliyokuja ndani ya boksi. Hakuijaribu hata kwa picha kumi. Alikuwa na hasira mno, na hasira ilimsahaulisha jambo analolijua siku zote.

Alhamisi baada ya adhuhuri ukumbi ulijaa. Mlangoni alikaa bibi mmoja mwenye foronya, na kila mgeni alitumbukiza simu yake humo. Shafika naye akatumbukiza yake. Bi Zuhur alikuja kuikagua kamera.

"Kadi ngapi?"

"Moja."

"Nionyeshe."

Alionyeshwa. Akaridhika, akaenda kupokea wageni.

Ikram alibadilisha nguo kama mabibi harusi wote wa mji huo. Alitoka na gauni jeupe, wanawake wakapiga vigelegele. Akatoka na koti la mahameli lililotariziwa dhahabu. Picha nyingi zilitoka na ukungu, Shafika akawa anapiga tano ili apate moja. Mara ya tatu Ikram alitoka na vazi la lesi, na hapo bibi yake, mama mzazi wa Bi Zuhur, akainuka kwenye kiti. Bibi huyo alikuwa hajasimama bila kushikwa tangu majira ya baridi. Alimshika mjukuu mikono, wakacheza pamoja. Ukumbi mzima ulilia. Shafika alipiga picha huku machozi yanamtoka.

Bibi alipokaa, kioo cha kamera kikaandika: Kadi haisomeki. Fomati kadi?

Shafika alizima, akawasha. Maneno yakabaki yale yale. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kisha akakiondoa haraka. Kufomati ni kuifuta kadi yote. Aliitoa kadi, akaifunga kwenye leso.

Bi Zuhur alikuwa ameshamwona. "Kuna nini?"

"Kadi imegoma."

"Imegoma vipi? Ina mshahara? Picha ziko wapi?"

"Zimo humu, lakini hazifunguki."

"Picha za mama yangu?"

"Zote."

Bi Zuhur alipandisha sauti hadi waimbaji wakanyamaza. "Nimekuita siku ya mwanangu uje kuniharibia! Mama yangu amesimama! Amesimama, Shafika! Na wewe huna hata picha moja!"

Shafika naye alichoka. "Uliniambia kadi moja! Uliikagua kwa macho yako! Ndiyo hiyo moja! Ningekuwa na ile yenye matumbo mawili, mama yako angekuwa humo sasa hivi, anacheza!"

"Usinipigie kelele ukumbini kwangu!"

"Na wewe usiniite mwizi nyumbani kwangu!"

Ikram aligeuka kwenye kiti chake. "Mama. Shafika. Mtagombana kesho. Shedda bado sijavaa."

Shedda ni vazi kuu, lenye taji na shanga za lulu hadi kiunoni. Kumvalisha bibi harusi huchukua karibu saa nzima. Shafika alikwenda mlangoni, akachakura foronya hadi akaipata simu yake, akampigia Bi Yamina. Bi Yamina alifika akiwa na ndara za nyumbani, kamera kubwa begani.

Shafika hakuificha. Alimnyang'anya mwimbaji maikrofoni.

"Mabibi, nisikilizeni. Kamera hii ina kadi mbili. Hizi hapa. Kila picha inaingia kwenye zote."

"Mbili za nini?" aliuliza mwanamke mmoja kutoka nyuma.

"Za nini? Ile ya kamera ndogo imekufa mbele ya macho yenu, unauliza za nini!" Aliziinua kadi juu zaidi. "Kosa langu ni moja. Zamani sikuwaambia. Leo nawaambia. Sherehe ikiisha, zote mbili nampa Bi Zuhur mbele yenu. Mwenye neno aseme sasa."

Waimbaji wakaanza tena. Ikram alitoka na shedda, na lenzi ikamkamata hatua kwa hatua, picha safi, hakuna ukungu. Mwisho Shafika alizitoa kadi zote mbili, akaziweka kwenye kiganja cha Bi Zuhur. Bi Zuhur alizitia kwenye pochi bila kumtazama.

Ilibaki ile iliyogoma. Fundi wa kompyuta mwanamume asingeweza kupewa kadi yenye wanawake vichwa wazi. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Bi Zuhur alikuja mwenyewe kwa Bi Yamina, amenuna. Mlango ulifungwa. Murad alitaka kupanda kuona, akarudishwa ngazini.

"Vizuri hukufomati," Bi Yamina alimwambia Shafika. "Na hukupiga picha nyingine juu yake. Kadi ikigoma, itoe, usiiguse. Picha mara nyingi bado zimo."

Alichomeka kadi kwenye kompyuta. Programu ya kuokoa picha ilianza kufanya kazi. Baada ya dakika arobaini gauni jeupe lilitokea. Kisha koti la mahameli, karibu lote. Bi Zuhur alisogeza kiti.

Kisha zikaja picha za kijivu. Nusu picha. Mistari mitupu.

"Na mama yangu?"

Bi Yamina alijaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, kwa njia nyingine. Picha moja ilifunguka. Ilikuwa nusu. Ilionyesha mikono miwili ya kizee imeshika mikono miwili yenye hina. Juu ya hapo palikuwa kijivu, hakuna sura.

"Ndiyo basi," alisema Bi Yamina. "Mengine hayarudi."

Shafika alingoja matusi. Alikuwa tayari nayo.

"Nina hasira, Shafika," alisema Bi Zuhur.

"Hata mimi."

"Nina hasira na wewe, na mimi mwenyewe nimejichukia. Kwenye ile kubwa ingekuwapo?"

"Ingekuwapo mara mbili."

Bi Zuhur alifungua pochi. Alitoa zile kadi mbili za shedda, akaziangalia. Moja akairudisha ndani. Nyingine akaisukuma mezani hadi ikagusa mkono wa Shafika.

"Zote zikikaa kwangu, bomba likipasuka chumbani zimekwenda zote," alisema. "Hii kaa nayo wewe. Na ukiifuta kabla sijakwambia, utanitambua."