Baba Hakuwa Amelewa

Mtumbwi wa Lamai ulikuwa umeshafika katikati ya mfereji, injini ikinguruma na kumwaga moshi, alipogeuka na kupaza sauti, "Mkia, Chaba! Angalia mkia kabla hujafanya lolote!"

"Nimesikia, mama!"

"Umesikia nini?"

"Mkia!"

Lamai alikuwa amevaa nguo nyeupe kwa sababu ya sikukuu, na sufuria za chakula cha watawa zilikuwa zimepangwa miguuni pake. Alisema neno jingine, lakini injini ililimeza. Mtumbwi ukakata kona kwenye mikoko kuelekea hekaluni, na Chaba akabaki kwenye baraza ya mbao iliyo juu ya maji, yeye na ndoo ya mengda.

Mwezi ulikuwa mpevu siku hizo, maji yamejaa, na mengda walikuwa wakipanda matopeni kutaga. Nyavu za baba yake, Sawaeng, zilikuwa zimenasa kadhaa. Mengda, mnyama wa baharini anayefanana na kaa, ana gamba kama kofia ya pikipiki, miguu yake imefichwa chini, na mkia wake ni mrefu na mgumu kama msumari. Nyama hana ya maana. Watu humtafuta kwa ajili ya mayai, ambayo huchomwa humo humo gambani, kisha huchanganywa na embe bichi, vitunguu na pilipili.

Kila mtoto wa kijiji cha Bang Samae Noi anaijua sheria yake. Mwenye mkia wa pembe tatu, mle. Mwenye mkia wa mviringo, mrudishe matopeni, maana ana sumu. Unaupapasa mkia kwa vidole, unajua, basi.

Lakini Chaba, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa na haraka zake. Jioni watu wangezunguka hekalu na mishumaa, wenzake wote wangekuwepo, na baba yake alikuwa ameahidi kumpeleka akishamaliza kazi. Ile mikia ilimkera. Ilimchoma mikono, na kwa sababu yake mengda hawakutaka kukaa sawa juu ya moto. Kwa hiyo akaikata yote kwanza na kuirusha pembeni. Alikuwa tayari anaosha magamba jicho lake lilipoangukia rundo la mikia. Akaokota mmoja. Akaupapasa. Haukuwa na pembe hata moja.

Sasa huu ni wa nani?

Akatazama ndoo. Wote walikuwa na rangi ya tope, wote walifanana. Alikumbuka kusikia kwamba wenye sumu huwa wadogo wadogo. Akamtafuta aliyeonekana mdogo, akamtupa mferejini. "Ndiye huyu," alijiambia. Akajiambia tena, kwa sababu mara ya kwanza haikumtosha. Kisha akawasha mkaa.

Sawaeng alikula peke yake, huku akishona nyavu. Chaba hakuyapenda mayai yale. Yalimkwama menoni kama mchanga. Alikula wali na samaki mkavu, akachukua vyombo kwenda kuosha.

"Chaba!" baba yake aliita baada ya muda. "Hii pilipili umeitoa wapi? Midomo yangu inatambaliwa na sisimizi."

"Ni mbili tu, baba."

"Basi hizo mbili zina hasira."

Alicheka, na Chaba akacheka. Kisha sindano ya nyavu ikamtoka Sawaeng mkononi. Akaiokota, ikamtoka tena. Akaviinua vidole vyake na kuvitazama kama vya mtu mwingine. Aliposimama kwenda kunywa maji, miguu ikampinda, akakumbatia nguzo ya nyumba.

Wakati huo huo jirani yao Tawin alikuwa anapita na mashua yake. Hapa lazima mjue jambo moja: Sawaeng zamani alikuwa mnywaji, na mwanzo wa mwaka alikuwa ameweka nadhiri mbele ya mtawa mkuu kwamba hatagusa pombe mwaka mzima. Kijiji kizima kilijua. Wengine walimwombea ashinde, wengine walikaa kusubiri aanguke.

"Lo! Sawaeng!" Tawin alizima injini. "Leo hata maduka yamekatazwa kuuza, wewe umeipata wapi? Na mimi rafiki yako hukunikumbuka?"

"Si... sija..." Ulimi wa Sawaeng ulikuwa mzito.

"Sija, sija! Hujamaliza chupa?" Tawin alipanda barazani akicheka, akamnusa mdomo. "Ananukia embe. Siku hizi kuna pombe ya embe?"

"Mjomba, hajanywa kitu," Chaba alisema.

"Wewe mtoto, utayajua wapi ya wakubwa? Watu wana maficho."

Lamai akarudi kutoka hekaluni na kumkuta mumewe amekaa sakafuni, kichwa kimelala begani, mate yanamtoka. Hakuuliza.

"Siku ya leo, Sawaeng? Siku ya leo! Natoka kukuombea, nakukuta hivi! Mbele za watu! Mwongo mkubwa wewe, nimeolewa na mtungi!" Akamkokota hadi kwenye mkeka. "Alale hapo. Akiamka tutazungumza."

Chaba alisimama mlangoni. Kichwa chake kilikuwa kimevurugika kama maji ya mfereji boti inapopita. Alijua mlevi alivyo, alikuwa amemwona baba yake amelewa mara nyingi. Akilewa aliimba, alimkumbatia kila mtu, macho yakawa mekundu yakienda huku na huku. Mtu huyu haimbi. Macho yake ni meupe, yametulia, na yanamfuata Chaba kila anakokwenda. Kwa nini mlevi awe na macho ya mtu aliye macho kabisa? Na kama si mlevi, kwa nini hasemi?

Akachuchumaa na kumfinya kidole cha mguu. Akafinya kwa kucha. Mguu haukushtuka.

"Baba, unanisikia? Kama unanisikia, funga macho."

Polepole sana, kope zikashuka, zikapanda.

Kifua cha baba yake kilikuwa kinainuka kidogo, na kila mara kidogo zaidi. Alifikiri: huenda nilimtupa yule yule mwenye sumu, na haya ni maradhi mengine. Huenda atalala na kuamka. Nikinyamaza hakuna atakayejua. Mikia nimeshaifagia. Lakini yale macho yalikuwa yanamtazama, nayo hayakuwa na wa kuyasemea isipokuwa yeye.

"Mama," alisema, "baba hakulewa. Amekula mengda mbaya. Nimemlisha mimi."

Lamai aligeuka. "Unasema nini?"

"Nilikata mikia kabla sijaangalia. Ulikuwepo wa mviringo. Nikamtupa mmoja, lakini nilikisia tu, mama. Sijui kama ndiye. Sijui!"

Tawin aliyekuwa bado anacheka barazani alinyamaza katikati ya cheko. "Nawasha mashua," alisema, akakimbia.

Walimbeba Sawaeng kama gunia lililolowa. Njiani Tawin aliendesha kwa mkono mmoja, kwa mwingine akiipungia mitumbwi iwapishe, na hofu ilimfungua mdomo: "Sawaeng, usife ndugu yangu! Ule wavu ulioutafuta mwaka jana, mimi ninao! Nilisema nitaurudisha, nikasahau! Nitaurudisha!"

"Tawin, nyamaza uendeshe!" Lamai alifoka.

Kwenye kituo cha afya walimkuta nesi Orathai. Aliangalia midomo ya Sawaeng iliyoanza kubadilika rangi. "Ameanza lini? Amekunywa?"

"Alikuwa anayumba kama mlevi," Tawin alianza.

"Zamani alikuwa anakunywa," Lamai akadakia, "lakini sasa..."

"Hajanywa," Chaba alisema kwa sauti iliyowazidi wote. "Amekula mayai ya mengda. Alikuwepo mwenye mkia wa mviringo. Midomo ilianza kufa ganzi, kisha vidole, kisha miguu."

Nesi hakuuliza tena. Alichukua barakoa yenye mfuko wa mpira, akamfunika Sawaeng pua na mdomo, akaanza kuubonyeza mfuko taratibu, na kila akibonyeza kifua kilipanda. Huku anabonyeza, akamwagiza Tawin apige simu kuita gari la wagonjwa.

"Na ninyi," alisema, "msizungumze kama vile hayupo. Anasikia kila neno."

"Kila neno?" Lamai aliuliza.

"Kila neno, mama. Tangu mwanzo."

Lamai akaziba mdomo. Aliyoyasema tangu nyumbani hayakuwa machache.

Hospitali ya wilaya ilimweka Sawaeng kwenye mashine ya kumpumulia. Kesho yake asubuhi Orathai alikuja kumwona mgonjwa wake, akamkuta Chaba amejikunja kwenye benchi la nje.

"Daktari anasema kidole gumba kimeanza kucheza," alimwambia. "Sumu ile haina dawa ya kuiua. Mwili wenyewe unaitoa. Kazi yetu ni kumpumulia mpaka iishe."

"Dada, mimi sielewi," Chaba alisema. "Alikuwa macho. Alinisikia. Nikamfinya, hakusikia kufinywa. Mtu anawezaje kuwa yupo na hayupo?"

Orathai akakaa. "Umeona watu wanavyotoa chumvi kwenye mashamba ya chumvi kando ya bahari? Wanasimama mstari mmoja, huyu anampa mwenzake kikapu, mwenzake anampa wa mbele, mpaka ghalani."

"Naona kila mwaka."

"Basi mwilini mwako mna mistari kama hiyo, mingi mno. Ni seli ndogo ndefu, tunaziita neva. Ukifinywa mguu, neva za mguuni zinapokezana habari, zinapanda uti wa mgongo hadi kwenye ubongo. Hapo ndipo unasema, 'Aa!' Mguu wenyewe haujui maumivu. Ubongo ndio unaojua. Kisha ubongo unatuma amri kwa mstari mwingine: vuta mguu. Habari inapanda, amri inashuka, kabla hujamaliza kupepesa."

"Na sumu?"

"Habari hizo ni kama umeme mdogo, na kila neva ina milango ya kuupitisha. Sumu ya yule mengda inaziba milango. Waliosimama mstarini wote wapo, wazima, lakini mikono yao imefungwa. Ukimfinya, habari haifiki. Akitaka kusema, amri haishuki ulimini. Mwishowe amri ya kupumua nayo haifiki kifuani, na hiyo ndiyo inayoua. Lakini ubongo wake, ambao ni mwenye ghala, haukuguswa. Alikuwa amekaa mle ndani anaita, na hakuna wa kuitika."

Chaba alimwaza baba yake akiita mle ndani.

"Pombe je?" aliuliza. "Mbona wote walidhani ni pombe?"

"Pombe inakwenda kumvuruga mwenye ghala mwenyewe. Ndiyo maana mlevi anabadilika tabia, anaimba, anagombana, anasema asiyoyataka. Kwa nje wote wawili wanayumba. Ukiangalia miguu tu, utakosea. Wewe uliangalia macho."

"Lakini mimi ndiye niliyemlisha."

"Ndiyo," nesi alisema, wala hakumfariji haraka. "Wewe ndiye."

Mchana walimtoa Sawaeng mpira wa mashine kooni. Sauti yake ilikuwa kama ya chura. Tawin alisogea mbele kwa unyenyekevu, na neno la kwanza aliloambiwa na Sawaeng lilikuwa: "Wavu."

"Kesho! Kesho asubuhi!" Tawin alisema, na wauguzi wakashangaa kwa nini chumba kizima kinacheka.

Lamai alianza, "Baba Chaba, yale niliyoyasema..."

"Mtungi," Sawaeng alisema. "Nimesikia." Lakini alikuwa ameushika mkono wake, au tuseme alijaribu kuushika.

Kisha akamtazama binti yake. Chaba hakuweza kuinua uso.

"Njoo hapa. Ulipouona ule mkia, uliogopa nini?"

"Niliogopa mtawamwaga wote. Niliogopa nitachelewa hekaluni. Na mama alikuwa ameniambia."

"Tungewamwaga wote," Sawaeng alisema. Alipumzika kidogo apate pumzi. "Tungekula wali na samaki mkavu, nami ningekugombeza mpaka jioni. Yangeishia hapo. Kutojua si kosa, mwanangu. Mimi mwenyewe nisiyoyajua ni mengi. Ulikosea ulipokisia, ukanipa kisio lako kwenye sahani kama kitu cha hakika. Halafu ukasema 'sijui' mbele ya watu, wakati ambapo kunyamaza kungekuwa rahisi. Hilo ndilo lililonirudisha. Siku nyingine lianze hilo. Liseme mapema, wakati lingali dogo."

"Nitasema, baba."

"Na mikia?"

"Naangalia kwanza."

"Hapana," Lamai alidakia. "Mengda haingii tena nyumbani kwangu, awe na mkia wa pembe tatu au wa pembe ishirini."

Sawaeng alirudi nyumbani wiki hiyo hiyo. Ncha za vidole vyake zilibaki na ganzi kwa muda, akawa anashona nyavu polepole, kisha ganzi ikaisha. Lamai alishika neno lake. Mengda wote wanaonaswa kwao hurudishwa matopeni wakiwa hai. Tawin alirudisha wavu, una matundu. Nesi Orathai alihamishiwa wilaya nyingine, na kituo kikaletewa nesi mwanamume. Chaba yuko sekondari mjini; anapenda historia kuliko sayansi, na hesabu zinampa taabu. Mwaka uliofuata baada ya Sawaeng kupona, katika kijiji kilicho upande wa pili wa mto, mchuuzi mmoja wa mkaa alikula mayai ya mengda kwa rafiki zake. Alipoanza kuyumba wakamlaza kivulini apumzike. Hakuamka. Sawaeng na Chaba walikwenda mazishini, wakakaa na wafiwa mpaka mwisho.