Hodi Ndani ya Hedifoni

Nimezunguka Bujumbura, Lubumbashi hadi Maskati, na nilichorudi nacho Ujiji ni kitambi na maikrofoni ya kubana kwenye kola. Nikatangaza naanzisha podikasti. Pale sokoni Mwanga wakaniuliza kama inatibika.

Jioni moja nikaenda Kasingirima kumrekodi shangazi Hidaya. Nilitaka asimulie jinsi mumewe, Gharib, alivyokwenda kuvua dagaa ziwani asirudi. Hata maiti haikuonekana. Nilichagua magharibi kwa sababu mashine ya kusaga ya jirani huwa imeshazimwa.

Shangazi akatia komeo mlangoni.

"Mwanangu, ukisikia hodi usiitikie. Huja saa hizi. Mwaka wa kumi na moja simjibu. Asipokaribishwa, haingii."

"Na kitambi changu hiki, shangazi, akiingia atakaa wapi?"

Hakucheka.

Nikavaa hedifoni, nikaanza kurekodi. Akasimulia taratibu. Nilisikia pumzi zake, bangili zake... kisha maji.

Tone... Tone...

Nikatazama ndoo ya maji iliyokuwa pembeni. Kavu.

"Hodi..."

Sauti ya mwanamume, ndani ya sikio langu. Sauti ya mtu aliyechoka. Na mimi, kwa bahati mbaya, mama alinilea vizuri.

"Karibu," nikasema.

Shangazi akanishika mkono. Harufu ya tope na dagaa wabichi ikajaa chumba.

"Umemkaribisha nani?" akanong'ona.

Mlango haukufunguka. Tulikaa tumeshikana mikono mpaka harufu ikaisha.

Nyumbani nikasikiliza rekodi. Hodi haimo. Imo "karibu" yangu tu, peke yake, kama ya mwendawazimu. Nikaona aibu, nikaikata, nikakiweka kipindi mtandaoni.

Wiki nzima shangazi hakubishiwa hodi. "Ameondoka," akaniambia, akalia. Nikajisifu kwamba kumbe podikasti ni dawa.

Ijumaa, mdogo wangu Safina akanitumia ujumbe wa sauti kutoka Kidahwe, anakoishi na wanawe.

"Kaka, nimesikiliza kipindi chako. Huna adabu wewe. Mtu anabisha hodi mara tatu, umenyamaza tu? Mpaka nimemkaribisha mimi, niko zangu jikoni." Akacheka. Kisha akashusha sauti. "Hivi... nani kaleta dagaa wabichi humu ndani?"

Nikapiga. Simu ikapokelewa.

"Safina?"

Tone... Tone...

Nilikifuta kipindi pale pale. Kilikuwa kimeshasikilizwa na watu arobaini na mmoja, na asubuhi ile nilikuwa nimejivunia kila mmoja wao.