Simu Iliyokataa Kusema Tulipo

Kila jioni mjukuu wangu alirudi kutoka twisheni, akatundika sare yake msumarini, kisha akamnyoa babu yake ndevu. "Mume wangu, tulia," alimwambia. Nami nilidakia, "Mke mwenzangu, usinikatie mzee!" Tukacheka.

Jioni moja wembe ulisimama hewani. Mdomo wa mzee ulikuwa umepinda, na mkono wake wa kulia umelegea kama kitambaa kilicholowa.

"Mama! Njoo!"

Binti yangu aliacha cherehani. Simu yake ilikuwa imeisha chaji, akachukua ya mtoto na kupigia gari la wagonjwa. Haikupokelewa. Akafungua ukurasa wao mtandaoni, ule unaomwonyesha dereva mahali mgonjwa alipo, maana vichochoro vyetu havina namba.

Kivinjari kikaomba ruhusa ya kujua tulipo. Akabonyeza "Ruhusu". Ukurasa ukajibu: mahali hapajulikani. Akabonyeza tena na tena.

"Si nimeruhusu? Simu hii ina nini?"

Mjukuu wangu alikuwa akitazama sakafu. Mzee alikoroma.

"Mke mwenzangu," nilimwambia polepole, "kama unajua kitu, sema. Hakuna wa kukugombeza sasa."

Akaanza kulia. "Nilizima huduma ya kuonyesha mahali kwenye mipangilio ya simu yenyewe. Sikutaka Mama aone kwenye simu yake kwamba siendi twisheni. Naenda kwa rafiki yangu kutazama filamu."

"Washa!" mama yake alimwambia.

Akawasha. Safari hii ukurasa ulionyesha paa letu, na gari likaja. Dereva aliokota kandambili za mzee, akaziweka kwenye machela. "Atazihitaji akirudi," alisema.

Amerudi, lakini upande wa kulia haujarudi naye. Daktari alisema kama tungewahi, huenda ungepona.

"Kivinjari ni mlango wa chumba, mwanangu," mama yake alimwambia. "Simu yenyewe ndiyo lango. Lango likifungwa, hata ufungue mlango wa chumba, hapiti mtu. Kulifunga si kosa. Si kila mtu anapaswa kujua ulipo. Kosa ni kulifunga ili ufiche uongo, kisha ukanyamaza babu yako akihangaika."

Mtoto alichukua wembe, akamshika babu yake kidevu.

"Mume wangu, tulia," alinong'ona.

Mzee alitulia. Siku hizi hutulia hata asipoambiwa.