Mama Ndani ya Pango

Ko! Ko! Ko!

Chuma kiligonga jiwe. Bahari ilikuwa imekupwa na mwamba ulikuwa wazi.

"Pweza huyu hatoki, wifi," alisema Mama Pacha. "Kagoma kama kaka yako akiambiwa aoge."

"Mwache kaka yangu! Wewe ndiye uliyemharibu. Piga tena."

Alipiga. Pango likabomoka. Pweza alikuwa mkubwa, lakini mlegevu. Hakupigana alipovutwa nje na kuuawa. Kwenye kipande cha paa kilichobaki zilining'inia nyuzi za punje nyeupe, kama mchele uliotungwa.

"Uchafu gani huu?" Mama Pacha akajifuta mkono.

Jirani yao mzamiaji, Bwana Mapezi, alikuwa akipita. Alichutama, akatazama.

"Shemeji, hayo ni mayai. Huyu ni mama. Akishataga hatoki wala hali. Anayapulizia maji safi mpaka yaanguliwe, kisha anakufa."

"Ndiyo maana hakupigana?"

"Hakuwa na nguvu."

Mama Pacha alikaa chini. "Nimeua wangapi leo?"

"Maelfu. Na hilo si jiwe tu. Ni matumbawe. Wanyama wadogo sana wamelijenga kwa miaka mingi. Samaki, kamba, pweza, wote wanaishi humo. Mnalalamika kwamba mapango ni matupu. Nani anayabomoa?"

"Wanangu wanakula kwa mwamba huu! Mbona hukusema mapema?"

"Nilisema. Mkaniita chura."

Wifi aliinamisha kichwa. Ni yeye aliyemwita hivyo.

Wavuvi wa pweza walikutana. Walifunga upande mmoja wa mwamba kwa miezi kadhaa. Waliacha vyuma, wakachukua fimbo nyembamba. Walikubaliana kumwacha pweza anayelinda mayai. Miezi ile ilikuwa migumu. Pacha walikula chakula bila kitoweo, wakanuna.

Siku ya kufungua, pweza walikuwa wengi na wanene. Watu walishangilia. Mama Pacha hakushangilia. Vipande vya lile pango vilikuwa vimelala palepale, vimefunikwa na mwani.

"Litaota tena?" aliuliza.

"Labda wajukuu wako wataliona," alijibu Bwana Mapezi.

Hatua chache mbele, Mama Pacha alichungulia shimo jingine. Pweza mkubwa alikuwa amejibana ndani. Juu yake zilining'inia nyuzi nyeupe.

"Kikapu chako hakijajaa," wifi alinong'ona.

Mama Pacha alirudi nyuma polepole, machozi yakimlengalenga.

"Nakuahidi, wifi. Hata sufuria yangu iwe tupu, nikimkuta mama juu ya mayai yake, nitapita."