Yeye wa Chumba cha Juu

Saa tano asubuhi, mwisho wa mwezi, duka la miwani lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na mteja aliyekuwa kitini alisoma ukurasa wa riwaya uliotumika kupimia macho bila kukosea hata nukta.

"Vizuri," alisema mpimaji, akaigeuza karatasi juu chini. "Endelea."

"'Taa ya chumba cha juu ikawaka tena,'" mteja aliendelea kwa sauti nzito, "'na yeye akasogea dirishani.'"

"Kaka, karatasi iko kichwa chini."

Foleni nzima iliangua kicheko. Mteja, fundi umeme mwenye ovaroli ya buluu na bisibisi mfukoni, akacheka pia.

"Nisamehe, daktari. Riwaya hiyo tulisoma kidato cha pili. Imeganda kichwani."

"Hata kwangu."

Mpimaji hakuamini mizimu, aliamini vipimo. Lakini shuleni darasa lao lilikuwa na nakala moja tu ya riwaya hiyo, na mwalimu aliposoma kwa sauti, watukutu ndio waliokuwa wa kwanza kuacha madawati na kuketi sakafuni, miguuni pake. Hakuna aliyekohoa. Tangu hapo alikuwa amesoma riwaya nyingi; hakuna iliyomsimamisha nywele vile.

"Yule mwanamke wa chumba cha juu," alisema, akimvisha fremu ya majaribio, "alinifanya niogope dari hadi leo."

"Mwanamke? Yule ni mwanamume! Kaka wa mwenye nyumba."

"Wapi imeandikwa kaka?"

"Na wapi imeandikwa mwanamke? Ni 'yeye' mwanzo hadi mwisho."

Mpimaji aliurudia ukurasa kwa macho. Ilikuwa kweli. Gauni jeupe, nywele ndefu, vyote alivishona mwenyewe akiwa msichana, na mwandishi alikuwa amemwachia sindano. Ngozi ilimsisimka upya, mchana kweupe, mbele ya wateja.

Miwani ilihitaji wiki moja. Simu kati ya mpimaji na fundi hazikusubiri, na mapenzi pia.

"Umelala, kipenzi?" aliuliza fundi usiku.

"Nimelala. Unaongea na yeye."

"Basi mwambie yeye nampenda."

"Atakujibu akishuka ghorofani."

Jioni moja fundi aliaga, akasahau kukata simu. Mpimaji alimsikia akizungumza na jirani yake.

"Amekula? Amenililia tena? Masikini. Acha, nitamlaza mwenyewe... Hapana, huyu wa miwani hajui. Yule wa kwanza alipojua yupo, si alinikimbia? Na mimi kumtoa humu siwezi. Nampenda."

Mpimaji alikata. Hakupokea simu tena.

Fundi alipofika dukani, alisukumiwa kasha la miwani bila kutazamwa.

"Chukua. Msalimie mkeo."

"Mke gani?"

"Huyo unayemlaza mwenyewe. Hukukata simu, bwana. Nilisikia yote."

Fundi aliliacha kasha mezani. "Nilisema mke?"

"Ulisema unampenda, ulisema anakulilia, ulisema..." Alilitafuta neno, asilipate. "Ulisema yeye."

"Umemvika gauni tena, daktari."

Mapumziko ya mchana mpimaji aliongozana naye hadi kwake, uso umemwiva kwa aibu. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Katika cha ndani, ukingoni mwa kitanda kilichotandikwa vizuri, aliketi mzee mwenye shati lililopigwa pasi, vifungo vimefungwa hadi shingoni. Aliwatazama wote wawili kama wageni.

"Baba yangu," alisema fundi kutoka mlangoni. "Siku hizi hanijui. Yule wa kwanza alisema anataka kuolewa, si kuajiriwa uuguzi. Nawe ukisema hivyo sitakulaumu. Ila baba hatoki hapa."

Kimya kilikuwa kile kile cha darasani. Mbele yake palikuwa na mtu mzima, maisha yake yote yamo ndani, na hakuna mtu tena wa kuyasoma. Mpimaji alivua viatu, akaingia, akaketi kando yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni nani?"

"Mkwe wako," alisema mpimaji. "Kama mwanao ataniuliza."

"Nina mwana?"

"Unaye. Yuko hapo mlangoni, ameishiwa maneno."

Fundi aliuliza pale pale kama atakubali kuolewa naye. Jibu alilisikia mzee kwanza, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.